Mbwa Aitwaye Washenzi

Mwaka 1998, binti yetu alipotimiza miaka tisa, alituandikia barua mimi na mama yake. Tulikuwa tukiishi nyumba moja naye, mjini Leicester, Uingereza, na chumba chake kilitazamana na chetu, lakini aliona jambo lake ni zito mno kusemwa kwa mdomo. Alitaka mbwa. Tena si mbwa yeyote. Alitaka mbwa mdogo, asiye na kelele, asiyenuka, anayejilamba mwili mzima kama paka. Alikuwa amemsoma katika kitabu cha maktaba ya shule, na jina la mbwa huyo alilinakili kwa herufi kubwa: BASENJI.

Mke wangu alilisoma jina lile mara mbili kisha akacheka mpaka akakaa chini. Yeye ni mtu wa Pangani. "Washenzi!" alisema. "Mbwa gani anaitwa washenzi?"

Mimi sikucheka, na sababu yake nitaieleza.

Mimi ni Mmanyema wa Ujiji. Msomaji asiyejua mambo ya Kigoma atanisamehe nikirudi nyuma kidogo. Manyema ni nchi iliyoko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo, kati ya ziwa na mto. Livingstone alifika Nyangwe, kwenye Mto Lualaba, mwaka 1871, akashuhudia watu wakiuawa kwa bunduki katika siku ya soko. Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alijiimarisha Kasongo, na nchi yote ile ikawa njia ya pembe na ya watumwa. Mwaka 1887 akafanywa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Vita vya mwaka 1892 hadi 1894 kati ya Wabelgiji na waungwana wa Kasongo vikavunja utawala ule. Katika miaka hiyo watu wengi wa Manyema walivuka ziwa, wengine wakiwa na minyororo shingoni, wengine wakiwa wapagazi, wengine wakiwa na bunduki zao wenyewe. Babu yake mama yangu alivuka akiwa mtoto. Ni katika kundi gani kati ya hayo matatu, nyumbani kwetu jambo hilo halikuulizwa.

Alipovuka aliitwa mshenzi. Hilo lilikuwa jina la kila mtu aliyetoka bara kabla hajasilimu, kabla hajavaa kanzu, kabla hajasema Kiswahili. Aliyepata hayo matatu alikuwa mngwana. Hata Kiswahili cha Kongo kikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana, kana kwamba lugha inaweza kumwosha mtu. Na babu huyo aliyeitwa mshenzi pale Ujiji, baada ya miaka ishirini alikuwa na nyumba na msala wake, naye akawaita washenzi watu wa milimani waliokuja kuuza mihogo. Neno lile halikai kwa mtu mmoja. Kila anayelivua humtafuta mwingine wa kumvika.

Hata mimi lilinigusa. Nilipopeleka posa Pangani, mzee mmoja wa upande wa mke wangu aliuliza, nami nasikia, "Huyu kijana wa bara gani?" Hakusema neno lenyewe. Hakuhitaji.

Basi binti yangu alipoandika BASENJI nilikwenda maktaba kuu ya mjini, nikitaka kujua neno letu limefikaje kwenye mkia wa mbwa.

Habari nilizozipata ni hizi. Neno mshenzi lilipanda bara na misafara, likashuka na Mto Kongo pamoja na askari na wafanyakazi waliosema Kiswahili, likaingia katika Kilingala likawa mosenzi, na wingi wake basenzi. Wabelgiji wakalipenda. Katika Kongo yao mtu wa kijijini alikuwa basenji, na aliyesoma shule na kuvaa suruali alihesabiwa kuwa ameendelea. Ilipofika mwaka 1948 wakaanza kutoa hata cheti cha kuthibitisha kwamba mtu fulani si mshenzi tena. Mbwa wa kijijini naye akawa mbwa wa basenji, yaani mbwa wa washenzi. Huku kwetu Kenya na Tanganyika Waingereza nao walisema mbwa shenzi, wakimaanisha koko yeyote wa Mwafrika. Tofauti ni kwamba kule Kongo tusi lilikuja kuandikwa katika daftari la mbwa wa ukoo na kupigwa muhuri.

Mbwa mwenyewe ni wa zamani kuliko tusi. Msafiri wa Kijerumani Georg Schweinfurth alipofika kwa Wazande, katika safari yake ya mwaka 1868 hadi 1871, aliwaona mbwa wadogo wenye mkia uliojikunja kama wa nguruwe, wakiwa na kengele za mti shingoni. Kengele ina kazi yake. Mbwa huyu habweki, na katika msitu mnene mwindaji hawezi kumwona. Humfuata kwa mlio wa kengele mpaka wavuni, ambako mnyama aliyefukuzwa hunaswa. Wambuti wa Ituri wanawinda naye hivyo, na si wao peke yao.

Wazungu walimtamani mapema, lakini Ulaya ilimuua. Mwaka 1895 mbwa wa kwanza wa aina hii walioletwa Uingereza walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts, wakiitwa mbwa wa Kongo. Wakafa kwa distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alileta sita kutoka Maridi, mahali ambapo leo ni Sudan Kusini. Walichanjwa distempa kwa chanjo ambayo wakati huo ilikuwa bado ya majaribio, wote wakafa. Ndipo mwaka 1936 Bibi Olivia Burn akaleta wengine kutoka Kongo, wakaishi, na mwaka 1937 walipoonyeshwa Crufts watu walisongamana kumwona mbwa asiyebweka. Ni yeye aliyewaandikisha kwa jina la Basenji. Mwaka huohuo mama mmoja wa New York alijaribu kuwapeleka Marekani, na karibu wote wakafa. Mwaka 1941 mbwa jike mmoja alikutwa Boston ndani ya meli iliyotoka Afrika Magharibi, katika shehena ya kahawa, amekonda lakini yu hai, wakamwita Congo. Hakuna aliyemkatia tiketi. Katika historia nzima ya mbwa hawa, huyu ndiye ninayempenda zaidi.

Kuna kitu kimoja katika vitabu vya wafugaji ambacho kilinichosha. Karibu kila kitabu kinaanza na Firauni. Ni kweli kwamba katika mawe ya makaburi ya Misri wamechongwa mbwa wenye masikio yaliyosimama na mikia iliyojikunja, na wataalamu wa chembe za urithi wa siku hizi wanakubali kwamba basenji ni tawi la kale sana katika ukoo wa mbwa. Lakini kila nilipofungua kitabu niliona Misri kurasa tano na Kongo nusu ukurasa. Mbwa aliyelelewa, akachaguliwa na kufunzwa na Wambuti na Wazande vizazi kwa vizazi ilibidi atafutiwe mwenyewe mwingine, mwenye taji. Jina wakamwachia la washenzi, sifa wakampa Firauni.

Nilirudi nyumbani nikamwambia binti yangu: atakuja.

Aliletwa mwezi wa tatu, mwaka 1999, ana wiki kumi, mwekundu kama udongo wa Kigoma, kifua na miguu myeupe, paji la uso limekunjamana kama la kadhi mwenye kesi ngumu. Binti alimwita Njuga, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia habari za kengele. Akikua kabisa, basenji jike hufika kiasi cha sentimita 40 begani na kilo 10 tu, basi tukadhani tumechukua mzigo mdogo.

Mzigo mdogo! Katika mwezi wa kwanza alitafuna miwani yangu, kona mbili za zulia na kitabu nilichoazima maktaba kuhusu historia ya Kongo, ambacho nilikilipia. Uzio wa waya aliupanda kama ngazi, kucha kwa kucha, akatua uwanjani kwa jirani na kurudi na kipande cha mkate. Tukajenga wa mbao. Tuliambiwa, na tukajifunza kwa machozi, kwamba mbwa huyu haachiwi bila kamba mahali penye magari: akiona kitu kinakimbia, masikio yake hufungwa na miguu hufunguka. Kumpiga ni bure. Ukimpiga anakuhifadhi moyoni. Ukimpa kipande cha nyama na kumsifu, anakufanyia jambo ulilotaka, mara moja, ili muelewane kwamba si amri.

Baadaye nilisoma habari za Scott na Fuller, wataalamu wa Kimarekani waliofuga aina tano za mbwa huko Bar Harbor na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965. Watoto wa basenji wenye wiki tano waliwakimbia watu na kuwang'ata, kuliko wa aina zile nyingine, lakini waliposhikwashikwa na kuzoeshwa wakawa wapole upesi. Kamba waliipigania kweli. Kama ningalisoma kabla, ningalinunua miwani ya bei nafuu.

Kubweka, kweli hakubweka. Ila usimwite bubu. Akifurahi alitoa sauti kama ya jogoo kijana anayejifunza kuwika ndani ya mtungi. Akiachwa peke yake alilia kama mtoto, na siku moja jirani alituletea polisi. Mvua aliichukia. Leicester mvua haikosi, naye alikuwa akisimama mlangoni, mguu mmoja juu, akiitazama kama mwenye nyumba aliyeletewa bili ya mtu mwingine. Alijilamba usiku na mchana. Hakuwa na harufu. Mke wangu, aliyekuwa ameapa kwamba mbwa hatapita jikoni, alidumu na kiapo hicho miezi minne.

Mama yangu alikuja kututembelea mwaka 2004. Alikuwa na miaka sabini na mitatu na kisukari cha muda mrefu. Kwa simu nilikuwa nimemwambia tuna mbwa. Jina la aina yake sikumwambia. Alipofika akamwona kwenye ngazi, akasimama.

"Baba, huyu ndiye?"

"Ndiye, mama."

"Anaitwaje?"

"Njuga. Lakini kabila lake ni basenji." Sijui kwa nini nililisema.

Mama hakucheka wala hakukasirika. Alivua viatu akaingia. Usiku, baada ya isha, aliniita. "Mwanangu, umetoka Ujiji, umesoma, umefika Ulaya, unakwenda kununua mshenzi kwa fedha?" Nikamweleza yote: Schweinfurth, Crufts, meli ya kahawa. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye kengele za mti. Hapo akanizuia kwa mkono.

"Babu alikuwa akituambia," alisema. "Kwao waliwinda kwa mbwa wa kengele. Alisema mbwa wao walikuwa hawana sauti, na sisi watoto tulimcheka, tukisema babu anazeeka. Kuna mbwa asiye na sauti?" Alinyamaza kitambo. "Hakutuambia tena."

Sikuwahi kumsikia mama akitaja jambo lolote ambalo babu huyo alilileta kutoka ng'ambo. Nilikuwa na umri wa miaka 48.

Tusidhani kwamba kuanzia hapo walipatana. Mama alifuata madhehebu yake: mate ya mbwa ni najisi, nguo iliyoguswa inaoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Alitengewa kiti chake, msala wake na chumba ambacho Njuga hakuingia. Lakini mchana sisi sote tulikuwa kazini na shuleni, na wao wawili walibaki sebuleni, kila mmoja upande wake, wakitazamana. Mtu anayetazama kutwa huona mambo. Wiki ya sita mama aliniambia: "Mbwa wako anakunywa maji kama mimi kabla sijapata dawa."

Ilikuwa kweli. Bakuli lilikauka mara tano kwa siku, naye, aliyekuwa msafi kuliko sisi, alianza kukojoa ndani usiku. Alikuwa amekonda mgongoni. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Alipima mkojo, akaona sukari nyingi, akasema ni kisukari, na kwamba Jumatatu turudi tuanze sindano za insulini. Alikuwa na haraka, na chumba cha kungojea kilijaa. Sikumlaumu wakati ule na sasa simlaumu sana.

Mama aliniuliza jambo moja tu. "Damu wamempima?"

"Wamepima mkojo."

"Mkojo si damu. Mimi hapa najitoboa kidole kila asubuhi, unafikiri napenda?"

Jumamosi ile nilimpigia simu bibi mmoja mzee, mfugaji wa basenji kwa miaka thelathini, ambaye ndiye aliyetuuzia Njuga. Nilipotaja sukari kwenye mkojo alikata maneno yangu: asidungwe insulini hata tone moja kabla damu haijapimwa. Jumatatu ikapimwa. Sukari ya damu ilikuwa ya kawaida kabisa. Insulini ingemshusha sukari mbwa ambaye sukari yake haikupanda, na huenda ingemuua.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Fanconi, kwa jina la daktari wa watoto wa Uswisi. Figo zinazopaswa kurudisha mwilini vitu vyema kabla mkojo haujatoka zinaviachia: sukari, chumvichumvi, viini vya protini, na baikaboneti inayozuia damu isiwe na asidi. Mnyama anakunywa maji bila kukata kiu na mwili unajila. Basenji wanaupata kuliko mbwa wengine, kwa kawaida wakishapita miaka minne, na chanzo chake ni cha urithi. Na hapa historia inarudi. Mbwa waliosalimika safari zile za mwanzo walikuwa wachache, basenji wa Ulaya na Marekani wakazaliwa kutokana na hao wachache, na kila kasoro iliyokuwa ndani yao ikapata nafasi ya kukutana na nduguye. Wafugaji waliliona hilo. Mwaka 1959 Bi Veronica Tudor-Williams alikwenda kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya, akarudi na jike aliyeitwa Fula, ambaye jina lake limo katika nasaba za basenji wengi mno. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani nao waliingia misitu ya Zaire ya wakati ule, na mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kuwapokea mbwa waliotoka huko. Yaani wenye vyeti walilazimika kurudi kijijini kuomba damu kwa washenzi. Nilipomweleza mama jambo hili ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Njuga aliwekewa dawa: vidonge vya baikaboneti kwenye chakula, vitamini, madini, na damu kupimwa mara kwa mara. Ilikuwa kazi ya kila siku na gharama yake sitaitaja, maana mke wangu atasoma kitabu hiki. Kila asubuhi mama alijitoboa kidole chake kwenye kiti chake, nami nikahesabu vidonge vya mbwa jikoni, na binti akaandika yote katika daftari moja, Bibi upande wa kushoto, Njuga upande wa kulia. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha chembe za urithi kinachowaonyesha wafugaji ni mbwa gani wasipandishwe pamoja, na mwaka 2011 kikatoka kilicho sahihi zaidi. Kwa Njuga kilichelewa, lakini watoto wa basenji wanaozaliwa sasa hawana haja ya kupita alikopita yeye, kama wenye kuwazalisha wana haya.

Mama alirudi Ujiji baada ya miezi mitano. Siku ya safari alisimama mlangoni, Njuga akaja akakaa hatua mbili mbele yake, kwenye mstari ambao wote wawili waliujua. Mama akamwambia kitu kwa Kingwana cha babu yake, ambacho sikukisikia vizuri. Hakumgusa.

Tangu hapo kila Ijumaa kwenye simu aliuliza hali ya mjukuu, ya mkwewe, kisha, "Na yule wa kwetu?"

Yule wa kwetu alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka 2011, akikaribia kutimiza miaka kumi na tatu, usingizini, chini ya blanketi la binti ambaye wakati huo alikuwa chuo kikuu. Nilimpigia mama. Alinyamaza, akasema tumshukuru Mungu kwa miaka ile, kisha akauliza kama kengele ipo bado. Ilikuwepo: kengele ndogo ya mti, niliyochonga mwenyewe na ambayo Njuga alivaa siku za sikukuu tu. Mama akaniagiza niilete.

Niliipeleka Ujiji Desemba ile. Aliiosha mara saba, moja kwa mchanga wa ziwani, akaianika juani, akamfunga mbuzi wake shingoni.